Abdighani, Mwana wa Co, Mwana wa Ke

Nyumbani kwa Ayeeyo Sirad, mtaa wa Bulapesa, kila kitu kilikuwa mtu. Chai alipoa. Lori alikwama. Mvua alikataa kuja, na siku akija alikuja na matusi. Nasteha alilelewa na bibi yake huyo katika Kiswahili hicho, akakizoea kama alivyozoea vumbi la Isiolo, na hakuona kasoro yoyote mpaka alipojiandikisha kwa masomo ya jioni, mtoto mgongoni, na mwalimu Dabasso akamwandikia kwenye insha yake ya kwanza, kwa wino mwekundu: "Chai si shangazi yako."

Alicheka sana siku hiyo. Hakujua kwamba silabi moja ya mwalimu Dabasso ingekuja kukaa katikati yake na mume.

Mchana alifanya kazi saiba ya Lodio, kibanda cha kompyuta na kopi nyuma ya stendi ya magari ya Merti. Lodio alikuwa Mturkana mrefu aliyesomea kompyuta Meru akarudi nyumbani na mawazo mengi kuliko wateja. Wazo lake la mwisho lilikuwa programu aliyoitunga mwenyewe na kuiita Mwenyewe Nani. Ukiiandikia jina la tovuti yoyote, ilikwenda huko intaneti ikauliza, ikarudi na habari zote za jina hilo: lilisajiliwa lini, na nani, linaisha lini, na ni seva zipi zinazowaelekeza watu mahali tovuti yenyewe ilipo. Maana jina la tovuti halinunuliwi likawa lako milele. Unalikodi tu, kama kibanda cha sokoni, na usipolipia kwa wakati linafungwa, na pengine jirani akahamia. Siku hizi Isiolo kila mtu alitaka tovuti, kuanzia muuza mbuzi hadi akina mama wa maziwa ya ngamia, na kila mmoja aliingia saiba akiuliza kama jina analolitaka lina mwenyewe.

"Niwekee kwa Kiswahili," Lodio alimwambia Nasteha. "Lakini Kiswahili ya hapa, si ile ya taarifa ya habari. Mzee akisoma aelewe bila kuniita."

Nasteha akafanya kazi hiyo kwa moyo wote. Palipoonyesha siku jina lilipoanza, aliandika "Amezaliwa". Palipokuwa na nchi ambamo mashine ya kutunza tovuti imewekwa, aliandika "Anaishi". Seva za kuelekeza watu, ambazo kwa kawaida huwa mbili, aliziita "Wanaomhudumia". Mwenye jina, ambaye siku hizi sheria za faragha humsitiri, akawa "Amefichwa". Lile kufuli linalozuia wezi wasilihamishe jina kwa wakala mwingine aliliandika, chini ya neno "Hali", kwamba "Haruhusiwi kuhamishwa". Na kwa kuwa jina linaloishia na co.ke huwa limeshikwa na co, na co imeshikwa na ke, akaandika "Mzazi" na "Babu", akaona amefanya jambo la maana.

Alisita mahali pamoja tu. Palipoonyesha siku ya jina kuisha, aliandika "Litakufa", akatazama, akasikia sauti ya mwalimu Dabasso ikimpongeza.

"Li ya nini?" Lodio aliuliza juu ya bega lake. "Kisanduku ni kidogo na hapa hakuna mtu anasema li. Weka a."

Asho, binti wa Nasteha, alikuwa chini ya meza akitafuna waya wa chaja. Nasteha akaweka a, akamvuta mtoto.

*

Abdighani aliingia maishani mwake kwa njia ya kopi za kitambulisho. Alikuwa na lori moja la kubeba bidhaa hadi Merti na kupita mpaka Biliqo, na watu walimwita Abdighani wa Merti ingawa kwao ni Isiolo hapa hapa. Alikuja kupiga kopi Jumatatu, akaja tena Jumanne, akaja Alhamisi, mpaka Lodio akamuuliza, "Waryaa, hii kitambulisho yako itachoka. Si useme tu unataka kumsalimia Nasteha?"

Abdighani alipiga kopi mbili zaidi. Halafu akasema, "Na mtoto pia."

Hapo ndipo Nasteha alipoanza kumfikiria. Wanaume waliomwona yeye hawakuwa wachache. Aliyemwona Asho alikuwa huyu mmoja, aliyempandisha kwenye lori na kumruhusu kupiga honi mpaka stendi nzima ikalalamika. Tovuti alitengenezewa na Lodio mwaka uliopita, abdighaniwamerti.co.ke, yenye picha ya lori na nambari ya simu, na tangu siku hiyo hakuwahi kuifungua.

Wazee wake walitarajiwa Ijumaa baada ya swala ya alasiri, kuja kuzungumza habari za ndoa. Kilichobaki ni Ayeeyo Sirad kuridhika, na Ayeeyo alikuwa na sababu ya kutoridhika upesi. Mume wa kwanza wa Nasteha, Kulmiye, aliketi kwenye mkeka wa Ayeeyo akahesabu mababu zake, mmoja baada ya mwingine, bila kumeza mate, mpaka yule aliyekuja na jeshi la mzungu akiwa na bunduki na ngamia. Wazee walitikisa vichwa kwa raha. Alichosahau kuhesabu ni mke wake wa Moyale.

"Tuliuliza watu," Ayeeyo alikuwa akisema kila mara hadithi hiyo ilipotajwa. "Na watu wana haya. Safari hii nitauliza kitu hakina haya."

Nasteha alidhani anasema tu. Kumbe bibi alikuwa amesikia habari za Mwenyewe Nani.

*

Jumatano Nasteha alimchukua Asho kutoka chekechea, akapitia sokoni, akafika nyumbani akakuta jiko halina moto. Ayeeyo alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtandio umevutwa hadi kwenye nyusi. Kando yake alikuwa Emanikor, mama Mturkana aliyeuza tumbaku mlangoni pa saiba na ambaye kanisani kwao ndiye aliyesoma masomo ya Jumapili, kwa sababu alikuwa na sauti ya kufika barabarani.

"Keti, abaayo," Ayeeyo alisema.

Nasteha aliangusha kikapu. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Bado," Emanikor alisema.

Ayeeyo alimshika mjukuu wake mkono. "Leo nilienda kwa Lodio. Nilimwambia, tafuta huyu kijana kwa mashine. Akaandika jina, akaenda kupiga watu picha za pasipoti. Mimi macho hakuna, kwa hivyo Emanikor akanisomea."

"Nilisoma polepole," Emanikor alisema. "Mara mbili."

"Nimeshika yote kwa kichwa." Ayeeyo akafumba macho, akaanza kwa sauti ile ile ya kuhesabu mababu. "Abdighani wa Merti. Mzazi wake ni Co. Mzazi wa Co ni Ke. Hapo ukoo umeisha. Mimi nimeishi hapa tangu stendi ilikuwa kichaka, najua Waisaaq, najua Waherti, najua Waborana mpaka wale wa Garba Tula. Ke ni watu gani?"

"Ayeeyo, hiyo si—"

"Ngoja. Ukoo si neno. Mtu anaweza kuwa wa ukoo mdogo na akawa mzuri. Mashine alisema amefichwa. Nikasema, huyo ni Kulmiye mwingine. Akasema wanaomhudumia ni wawili. Nikasema, wawili! Nikataka kurudi nyumbani hapo hapo nichukue fimbo."

"Mimi ndiye nilimzuia," Emanikor alisema. "Nilimwambia, mama, tusome mpaka chini. Nikasoma: anaishi Ujerumani."

"Ujerumani," Ayeeyo alirudia. "Na sisi tunajua yuko njia ya Biliqo na gunia za sukari."

"Nikasoma tena: hali, haruhusiwi kuhamishwa. Hapo nikaelewa yote." Emanikor alishusha sauti, ikawa ya kufika kwa jirani tu. "Mtu amefichwa, ako Ujerumani, kuna wawili wanamhudumia, hali yake haruhusiwi kuhamishwa. Huyo ni mgonjwa, Nasteha. Huyo ni mtu wa hospitali. Hao wawili ni manesi."

Nasteha alifungua mdomo, kikatoka kicheko. Ayeeyo alimtazama kwa huruma nyingi, kama anayemtazama mtu aliyepandwa na homa.

"Cheka, mama, cheka. Na siku ya kufa imeandikwa. Tarehe ishirini na saba mwezi huu."

"Ayeeyo, siku ya kufa anaijua Mungu peke yake. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Astaghfirullah, mimi sikusema mashine anajua. Daktari ndiye huambia mtu, na mtu akaandikisha, watu wake wasisumbuke. Wazungu wako hivyo."

"Lakini Abdighani ulimwona. Alikuja hapa Ijumaa iliyopita na nyama."

"Nilimwona. Hakumaliza chai."

Nasteha alieleza. Alieleza vizuri, kwa mikono yote miwili, jinsi jina la tovuti linavyokodiwa, na seva, na kufuli la wezi. Akafika mwisho akasema, "Na hayo maneno yote niliyaandika mimi."

Ayeeyo aliuliza, "Uliyaandika kabla ya kumpenda au baada?"

"Kabla ya posa. Karibu wakati mmoja."

"Basi uliandika ukweli ukiwa na akili, na sasa unaukana kwa sababu ya mapenzi." Akamwachia mkono. "Nasteha. Babu yako alinioa nikiwa msichana, akafa mwaka huo huo, lori alimlalia kwa mlima wa Marsabit. Nilijifungua mama yako nikiwa na nguo nyeupe za eda. Hakuna mtu aliniambia mapema. Wewe umeambiwa. Sikupei mume wa kuzika."

Nasteha hakucheka tena. Bibi hakuwa akimchukia Abdighani. Ingekuwa hivyo, ingekuwa rahisi.

Jioni hiyo ujumbe ulipelekwa kwa wazee: wasije Ijumaa, waje mwezi ukiisha. Kwa nini, hawakuambiwa.

*

"Mwalimu," Nasteha aliuliza darasani kesho yake, "nikiandika 'atakufa', nani anakufa?"

"Mtu," mwalimu Dabasso alisema. "Au mnyama."

"Na kama ni jina?"

"Jina ni li. Li-ta-ku-fa." Akaona uso wake. "Kwani imekuwaje?"

Alipomweleza, mwalimu Dabasso aliweka chaki chini akatazama dirishani kwa furaha ya mtu aliyengoja muda mrefu. "Miaka yote hii nimewaambia ngeli ni jambo la kufa na kupona," alisema, "mkadhani natania."

Asubuhi iliyofuata Nasteha alifika saiba mapema, akapita programu nzima akitoa a na kuweka li. Limesajiliwa. Limefungwa lisihamishwe. Litakufa. Alitaka kubadilisha "kufa" yenyewe aandike "litaisha muda", ila kisanduku kilikuwa kidogo kweli. Halafu akamleta bibi kwa mkono, na Emanikor akasimama mbele ya kompyuta akakohoa kama anayepanda mimbari.

"Li-ta-ku-fa," alisoma. "Tarehe ishirini na saba."

"Wameongeza nini?" Ayeeyo aliuliza.

"Wameongeza li."

"Li ni nani?"

"Si mtu, ayeeyo, ni jina. Likiwa li, maana yake ni jina ndilo linakufa. Mtu angekuwa a."

Ayeeyo alifikiri. "Gari amekufa. Betri amekufa. Ng'ombe amekufa. Mzee amekufa. Maisha yangu yote nimesema hivyo na hakuna mtu alizika betri. Kufa ni kufa, Nasteha. Sasa umemwongezea li, atakufa na huyo Li." Akainuka. "Na juzi haikuwa hivyo. Nani amemhonga huyu mashine?"

Lodio alikuwa nyuma ya kitambaa cheupe cha picha. Kitambaa kilitetemeka muda mrefu.

*

Abdighani alikuja Bulapesa kuaga kabla ya safari nyingine ya Biliqo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akiwa hajui kwa nini wazee wake walirudishwa na akiogopa kuuliza. Nasteha alikuwa ndani akisikia kila neno, uso ameuficha kwenye shingo ya Asho, kwa sababu hakuna namna nzuri ya kumwambia mwanamume kwamba amepewa tarehe.

"Salaam aleikum, ayeeyo."

"Aleikum salaam, mwanangu. Ingia, usisimame. Usichoke." Ayeeyo alimshika paji la uso kwa kiganja. "Unakula?"

"Nakula."

"Unalala?"

"Nikipata nafasi."

"Na hao wawili? Wanakuangalia vizuri?"

"Wawili gani, ayeeyo?"

"Basi. Mtu hasemi yote." Akamwekea mkononi chupa ya asali na kifuko cha habasoda. "Kijiko kimoja asubuhi. Na ukiona uchungu usijikaze, sema. Unataka kusamehewa na mtu yeyote?"

Abdighani alifikiri kwa uaminifu. "Kuna jamaa wa Kinna nilimgongea mbuzi."

"Pitia kwake," Ayeeyo alisema.

Nje, karibu na lori, alimuuliza Nasteha kwa sauti ya chini, "Bibi yako amenipenda ghafla. Ananiangalia kama mtu anapima kitambaa. Kuna jambo?"

"Hakuna. Ni kwamba..." Nasteha alitazama magurudumu. "Jina la tovuti yako linaisha mwezi huu. Lilipie ukifika mahali pana mtandao. Tafadhali."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Nitalipia," alisema, akatabasamu, akapanda. Alisahau kabla ya kufika kizuizi cha polisi. Nasteha alimjua, kwa hivyo alimtumia ujumbe, kisha mwingine, na kila mmoja ulibaki na tiki moja, haujamfikia. Kupita Merti simu ilikuwa mzigo tu.

*

Kuanzia hapo Ayeeyo akawa mteja wa kila siku. Alifika saiba na fimbo yake, akaketi kwenye kiti cha plastiki, na kuuliza, "Anaendeleaje?" Lodio alikuwa amechoka kueleza. "Hali ni ile ile, shosho," alijibu kwa maneno ya zamani, "haruhusiwi kuhamishwa." Bibi akashukuru Mungu, akarudi nyumbani.

Nasteha alijua kila kitu. Alijua seva ni nini na alijua li ni nini. Lakini tarehe ishirini na saba ilipofika, akapiga simu ya Abdighani asubuhi, mteja hapatikani, akapiga adhuhuri, mteja hapatikani, kitu fulani ndani yake kilianza kuongea Kiswahili cha Bulapesa. Abdighani alisema angerudi siku mbili kabla. Hakurudi. Magari mengine ya Biliqo yalikuwa yameingia, na dereva mmoja alisema aliona lori limelala kwenye lugga, mto mkavu wa mchanga, hajui la nani, hakusimama.

Alasiri Lodio aliandika jina kwenye kompyuta bila kuambiwa. Wote wanne walitazama. Ile mistari mirefu ilikuwa imeondoka. Hapakuwa na wanaolihudumia, wala Ujerumani. Neno lilikuwa moja, na kwa kuwa wa kulisoma alikuwa Emanikor, stendi nzima ililisikia.

"Limekufa."

Ayeeyo alifunika uso kwa mtandio. "Innalillahi."

"Jina, ayeeyo," Nasteha alisema, "ni jina," akashangaa kuona analia. Aliandika neno hilo mwenyewe. Alichagua kisanduku. Kama angeandika neno lingine, alijisemea, na hata yeye hakujua amalizie nini.

Jioni Emanikor alifika Bulapesa na kilo mbili za sukari na majani ya chai, kama desturi ya kuingia kwenye nyumba ya msiba. Aliweka sukari jikoni, akaketi, akavua viatu. "Hata hakumaliza chai siku ile," alisema. Asho aliuliza kama Abdi amekwama.

*

Honi ilisikika siku mbili baadaye, asubuhi, saiba ikiwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Ilikuwa honi ndefu iliyopasuka mwishoni. Asho aliitambua kabla ya mama yake, akapita chini ya meza, akampita Emanikor na tumbaku yake, akatoka.

Abdighani aliingia akiwa rangi moja kuanzia kofia hadi kandambili, rangi ya barabara ya Merti, Asho begani.

"Salaam aleikum."

Emanikor alishika msalaba wake wa shingoni. Ayeeyo, ambaye alikuwa amekuja kumwomba Lodio ampe picha moja ya marehemu, aliinuka polepole kwenye kiti cha plastiki.

"Jamani, na nyinyi pia?" Abdighani alisema. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. "Lori imelala kwa lugga siku tatu, nimechimba na sufuria. Nimefika Merti jana jioni, watu wamenikimbia. Nimeagiza chai, mwenye hoteli amekataa pesa yangu, anasema marehemu halipi. Nikauliza marehemu nani, akasema ni wewe, habari zimetoka Isiolo na basi ya mchana. Nani amesema mimi nimekufa?"

Nasteha alikuwa amesimama na karatasi za kopi kifuani. Alimtazama tu: kope zenye vumbi, kidole kilichokwaruzwa, mdomo uliokauka.

Ayeeyo alimfikia kwanza. Alimshika kifundo cha mkono, akatafuta mshipa, akangoja. Kisha akamfinya.

"Ai, ayeeyo."

"Anasikia uchungu," Ayeeyo alimwambia Emanikor. Akamgeukia tena. "Wewe ni wa nani?"

Abdighani, aliyekuwa na mtoto begani na siku tatu za njaa, alisimama wima kama kijana aliyelelewa vizuri, akaanza. "Abdighani Mohamedamin Gababo—"

"Hapana. Ile ya Ke."

"Ke gani?"

"Ke ni Kenya, ayeeyo," Nasteha alisema. "Kila jina la hapa nchini linaishia hapo. Lodio, mwonyeshe."

Lodio aliandika jina la saiba yake mwenyewe. Babu: Ke. Akaandika la kikundi cha maziwa ya ngamia. Babu: Ke. Ayeeyo akataka la kaunti, akataka la benki, akataka la yule mwanasiasa asiyempenda. Emanikor alisoma yote, na kote babu alikuwa mmoja.

"Hata huyo mwizi?"

"Hata huyo, shosho."

"Ke amezaa," Ayeeyo alisema kwa heshima kidogo. Akarudi kutazama kioo, akamtazama Abdighani, akatazama kioo. "Hebu rudisha lile lake. Emanikor, soma."

"Limekufa."

"Na yeye huyu hapa."

"Yuko hapa," Emanikor alikubali, bila furaha kamili.

Ayeeyo aliketi. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alikuwa akilijaribu lile neno, analisogeza mdomoni upande huu na upande ule, kama mtu aliyewekewa jino jipya. "Jina... limekufa," alisema. "Kijana... hajafa." Akangoja kama neno litamgeuka. Halikugeuka. "Kwa hivyo hiyo li ndiyo kazi yake."

"Ndiyo hiyo, ayeeyo."

"Mngeniambia."

Kitambaa cha picha kilitetemeka tena, ingawa safari hii Nasteha pia alikuwa nyuma yake.

Abdighani alikuwa bado amesimama katikati ya saiba, akijaribu kuunganisha mambo. "Ni ile websaiti?" aliuliza hatimaye. "Uliniambia nilipie."

"Nilikuambia," Nasteha alisema kutoka nyuma ya kitambaa, akipangusa macho. "Mara tatu."

"Linafufuka," Lodio alisema. "Likifungwa bado wanakuwekea siku kadhaa kabla ya kumpa mtu mwingine. Lete simu."

"Alipe Nasteha," Ayeeyo alisema. "Huyu atasahau. Huyu hata kufa kwake alisahau. Na waambie wazee waje kesho."

*

Wakaja. Abdighani alihesabu mababu zake kwenye mkeka, na alipofika yule wa bunduki na ngamia, maana naye alikuwa na wake, Ayeeyo alimsimamisha.

"Na wanaokuhudumia?"

"Hakuna, ayeeyo. Lori naosha mwenyewe."

"Moyale una mtu?"

"Moyale sijawahi kulala."

Wazee walitazamana, hawakuelewa, wakatikisa vichwa. Mlangoni Emanikor alikuwa amejitokeza na mfuko mtupu mkononi, akimnong'oneza Nasteha kwamba ile sukari ilikuwa ya msiba, na kama msiba haukutokea, desturi ya kwao ni kwamba mtu anarudishiwa chake.

Ayeeyo alikuwa na masikio mazuri kuliko macho. "Emanikor, ingia uketi," alisema. "Sukari amekwisha... imekwisha. Iko kwa chai." Kisha akageuka kuelekea jikoni, akavuta pumzi, akasema polepole kama mtu anayevuka lugga kwa kuangalia mawe, "Nasteha, mama, leta. Chai itapoa."

Abdighani alikunywa yake mpaka chini, Ayeeyo akimhesabia kila funda.